Chai ya Viungo na Vikombe Vyake

Katika nchi yetu ya Kenya hakuna kinywaji kilichozoeleka kuliko chai. Maskini huinywa na tajiri huinywa; mgeni hukaribishwa kwayo, mfiwa hufarijiwa kwayo, na wazee wa posa huanza maneno yao mbele yake. Mwanafunzi huisubiri saa nne ya asubuhi kama mkulima asubirivyo mvua. Lakini kitu kilichozoeleka hivyo hakitazamwi sana, maana jicho huchoka kuona kilicho mbele yake kila siku. Nataka, msomaji, tuitazame chai pamoja kwa muda mfupi, hasa ile chai ya maziwa yenye viungo ambayo Wahindi huiita chai ya masala. Nitakueleza ilikotoka, nitakufundisha kuipika, kisha nitakuonyesha jambo lililojificha kando ya sufuria yake, ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mapishi yenyewe.

Tuanze na neno. Wachina ndio waliotangulia kunywa chai, na katika sehemu nyingi za nchi yao waliliita jani hilo cha. Bali watu wa pwani ya Fujian waliliita te. Neno la kwanza lilisafiri kwa nchi kavu, likapita Uajemi ambako lilivaa umbo la chai, likaingia India, na hatimaye likatufikia sisi. Neno la pili lilipakiwa katika merikebu za Waholanzi likafika Ulaya, na Waingereza wakalifanya lao. Kwa hiyo Mswahili anapoagiza chai hutamka neno lenye nasaba moja na neno la Mhindi, la Mwajemi, la Mturuki na la Mrusi. Kabla hujaonja kikombe chako, ulimi umekwisha kusafiri mbali.

Wengi hudhani kwamba chai ya viungo ni ya kale sana huko India, sawa na mahekalu yake. Viungo ni vya kale kweli. Tangu zamani Wahindi walichemsha tangawizi, iliki na pilipili manga, wakanywa maji yake kuwa dawa ya kifua na ya tumbo. Lakini kuchanganya viungo hivyo na jani la chai ni desturi changa. Mwaka 1823 Mskoti mmoja, Robert Bruce, alionyeshwa mimea ya chai iliyokuwa ikiota Assam, na wenyeji wa huko walikuwa wakiijua tangu kale. Mwaka 1839 chai ya Assam ilipigwa mnada London kwa mara ya kwanza. Tangu hapo mashamba makubwa yalienea, lakini mavuno yake yalikuwa ya kupelekwa Ulaya. Mhindi wa kawaida alichuma chai, akaikausha, akaipakia, wala hakuionja.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye mashamba walitambua kwamba nchi yenyewe ya India ni soko kubwa. Chama chao kikatuma watu mijini, viwandani na katika stesheni za reli wawafundishe Wahindi kunywa chai kwa namna ya Kiingereza: majani mengi, maziwa kidogo. Wauzaji wadogo wa barabarani walilipokea jani, ila namna ile hawakuipokea. Kwa kuwa majani yalikuwa ghali, walitia machache; wakazidisha maziwa na sukari, kisha wakaongeza viungo vile vya kale ili kinywaji kipate nguvu na harufu. Wenye mashamba hawakupendezwa, maana viungo vilipunguza mauzo ya majani. Lakini ladha ya watu wadogo ilishinda. Kisha katika miaka ya 1930, huko huko Assam, ilibuniwa mashine ya kukata na kuviringa majani yakawa punje ndogo nyeusi zenye rangi kali na bei nafuu. Punje hizo zilipoenea baadaye, chai ya viungo ikawa kinywaji cha kila mtu. Kumbuka basi kwamba kinywaji kinachosifiwa leo katika hoteli za fahari kilizaliwa na akili ya maskini aliyekuwa akibana matumizi.

Kilifikaje kwetu? Kati ya mwaka 1896 na 1901 reli ilijengwa kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na kwa kazi hiyo waliletwa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali na kwa wanyama wakali. Wengi wa waliosalia walirudi kwao. Wachache walibaki, na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwako pwani tangu zamani wakaifuata reli wakafungua maduka bara. Walituachia maneno kama gari, laki na chapati, na walituachia desturi ya kuchemsha chai na maziwa katika sufuria moja. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la 44 la nchi hii. Lakini kabila lao lilikuwa limekwisha kuingia jikoni mwetu miaka mingi kabla ya tangazo hilo.

Jani lenyewe lilipandwa nchini kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 mashamba makubwa ya makampuni yalianzishwa Kericho. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai ya mwingine, ila kwa muda mrefu hakuruhusiwa kupanda yake mwenyewe. Mlango ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 iliundwa KTDA, yaani Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, ili kuwahudumia wakulima wadogo. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje, na mnada wake hufanyika Mombasa. Ama viungo, karafuu hutoka Unguja na Pemba, na iliki na mdalasini hupatikana visiwani humo na katika milima ya Usambara. Hivyo ndivyo ilivyo, msomaji: sufuria moja ya chai ni mkutano wa nchi nyingi.

Sasa nikupeleke Spring Valley. Ni mtaa ulioko magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, mbele kidogo ya Westlands, mtu afuatapo barabara ya Lower Kabete. Jina lake maana yake ni Bonde la Chemchemi. Una miti mikubwa, nyua zilizokatwa sawasawa, malango ya chuma, na mabawabu waketio katika vibanda vyao. Zamani za ukoloni Nairobi iligawanywa kwa rangi za watu. Miinuko ya magharibi na kaskazini ilikuwa ya Wazungu, Parklands na Ngara ilikuwa mitaa ya Wahindi, na Waafrika walielekezwa upande wa mashariki, Pumwani, Kaloleni na kwingineko. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mgawanyo huo ulikoma, na leo katika mtaa kama Spring Valley Mwafrika, Mhindi na Mzungu hupakana nyua. Walakini kila asubuhi watu wengine huingia humo kwa miguu, wakitoka Kangemi na mitaa mingine ya wanyonge: wapishi, yaya, watunza bustani na wafuaji wa nguo. Hao hawakai Spring Valley, lakini bila wao nyumba nyingi za Spring Valley hazipati chai ya asubuhi.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Limuru, na katika ujana wake alichuma chai akiwa na kikapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vikawa vyeusi. Kilo 1 ya chai kavu hutoka katika majani mabichi ya kilo 4 na nusu hivi, naye aliujua uzito huo kwa mgongo wake kabla ya kuujua kwa hesabu. Baadaye alikuja Nairobi kutafuta kazi ya upishi. Kutoka Limuru hadi Spring Valley ni safari isiyofika kilomita 30, na shangazi hupenda kusema kwamba yeye na majani ya chai waliteremka kwa barabara moja.

Katika nyumba ya pili aliyotumika huko, mwenye jiko alikuwa bibi mzee wa Kigujarati, mjane, ambaye watu wote wa nyumbani walimwita Ba, yaani mama katika lugha yao. Ba ndiye aliyemfundisha shangazi kupika chai ya viungo. Shangazi akanifundisha mimi wakati wa likizo, nilipokuwa na umri kama wako. Nami sasa nakufundisha wewe. Elimu ya jikoni haitolewi cheti, walakini hurithiwa.

Kwa watu wanne chukua vikombe viwili na nusu vya maji na vikombe viwili vya maziwa. Maji yazidi kidogo kwa sababu mvuke utachukua fungu lake. Chukua kipande cha tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, iliki 5, karafuu 2, punje 4 za pilipili manga, na kijiti kifupi cha mdalasini. Osha tangawizi uimenye. Tia vyote katika kinu kidogo uvitwange mpaka vipasuke na harufu ipande puani. Usivisage vikawa unga, maana unga hupenya katika chujio ukakwaruza koo. Ba alikuwa na mchaichai bustanini, naye aliongeza majani mawili matatu yaliyofungwa fundo; na siku nyingine alitia nanaa. Anayependa viungo vichache apunguze. Karafuu hasa hutaka mkono wa hadhari, kwa kuwa moja ikizidi huzimeza nyingine zote.

Injika sufuria yenye maji na viungo, uache ichemke kwa dakika 5. Kwa nini maji kwanza na maziwa baadaye? Hapa mwanafunzi wa sayansi atapata faida. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chenye uwezo wa kuyakata maziwa. Ukitia tangawizi na maziwa pamoja katika moto mdogo, maziwa huweza kukatika yakawa mabonge. Ukiichemsha tangawizi kwanza katika maji, joto huvunja nguvu za kimeng'enya hicho, na maziwa yakija hukuta usalama. Shangazi hakupata kusikia neno kimeng'enya, lakini kanuni hii aliishika bila kosa. Aghalabu mikono hujua mambo kabla vitabu havijayapa majina.

Kisha tia vijiko vidogo vitatu vya majani ya chai, uchemshe kwa dakika 2. Waingereza humimina maji ya moto juu ya majani yaliyomo katika buli, na namna hiyo huwafaa kwao. Sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya kupenda sufuria. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, yasifike 100 kama yafanyavyo Mombasa. Maji yaliyopungukiwa joto huvuta rangi na nguvu ya jani kwa uvivu. Ndiyo maana moto wa chini ya sufuria ni msaada mkubwa. Ila usizidishe. Majani yakichemka mno hutoa tanini nyingi, na chai huwa chungu yenye kukausha ulimi. Maziwa hupunguza ukali huo kwa kuwa protini yake hushikamana na tanini.

Sasa mimina maziwa, na hapa usiondoke. Yakipanda, punguza moto yashuke. Yakipanda tena, punguza tena. Fanya hivyo mara tatu. Shangazi husema kwamba maziwa hukaa hayapandi muda wote unapoyatazama, na ukigeuka kumjibu mtu yamekwisha kumwagika. Tia sukari kwa kadiri ya kupenda, epua, funika kwa dakika 1, kisha chuja. Chai iliyofaulu ina rangi ya chungu kipya cha udongo, na harufu yake hufika sebuleni kabla ya aliyeichukua. Inywe na mandazi, chapati au kachori. Wala usiiache ipoe ukidhani kuipasha moto ni sawa na kuipika. Chai iliyopashwa moto haina furaha.

Mapishi yamekwisha. Nafika kwenye jambo nililokuahidi.

Katika nyumba ya kwanza aliyotumika, shangazi alipika chai asubuhi na jioni, akaimimina katika vikombe vya kaure, akaipeleka mezani. Yake aliinywa katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi, ambacho makao yake yalikuwa chini ya sinki, pamoja na sabuni na matambara ya kudekia. Hakuna aliyemkaripia. Alionyeshwa tu siku ya kwanza, akaambiwa, “Hiki ndicho chako.” Na usije ukadhani, msomaji, kwamba nyumba ile ilikuwa ya watu wa rangi nyingine. Ilikuwa ya watu weusi kama yeye, waliosema lugha moja naye ya nyumbani, na ambao wazazi wao pia waliwahi kubeba vikapu mgongoni.

Alipohamia kwa Ba alikuwa amekwisha kupata akili ya kujikinga. Alinunua sokoni kikombe cha plastiki cha rangi ya kijani, akakitia mkobani, ili asionyeshwe kikombe tena. Mtu akijitenga mwenyewe, uchungu wa kutengwa hupungua kidogo. Siku ya kwanza, chai ilipokwisha kuchujwa, alikitoa. Ba akakitazama akauliza ni cha nini. Shangazi akajibu, “Ni changu cha chai, Mama.”

Ba hakusema neno. Alikichukua, akatia msumari motoni, akatoboa tundu chini yake. Akakijaza udongo wa bustani, akachomeka shina la nanaa, akakiweka dirishani penye jua. Kisha akateremsha kabatini vikombe viwili vilivyo sawa, akamimina chai, akaketi kwenye meza ya jikoni, na akamwonyesha shangazi kiti. Sehemu ya chai yake aliimimina katika kisahani ipoe, kama wafanyavyo wazee wengi wa Kigujarati, akainywa kwa utulivu. Nanaa ile niliiona kwa macho yangu siku niliyokwenda kumtembelea shangazi. Ilikuwa imestawi hata imeficha ukingo wa kikombe.

Siku nyingi baadaye Ba alimweleza shangazi sababu yake. Alipokuwa msichana katika Nairobi ya ukoloni zilikuwako hoteli ambamo Mhindi hakuweza kuketi akanywa chai, hata akiwa na fedha mkononi. Na alipopelekwa Gujarat kuwaona jamaa zake, aliona huko wauza chai wakiwapa watu wa tabaka la chini gilasi zao za peke yao, zilizotengwa na gilasi za wengine, nao wakitakiwa kuziosha wenyewe. Desturi hiyo ya gilasi mbili inajulikana sana katika historia ya India, na waliotendewa hivyo ni watu waitwao Dalit. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilipiga marufuku jambo hilo la kumhesabu mtu kuwa najisi, katika Ibara yake ya 17. Hata hivyo katika vijiji vingi gilasi mbili ziliendelea kuwekwa miaka mingi baadaye.

Basi Ba alikuwa amefungiwa mlango na wenye nguvu, na alikuwa ameona watu wake wakiwafungia wengine mlango. Mtu aliyepitia hayo ana njia mbili. Aweza kumlipa aliye chini yake kwa yale aliyotendewa na aliye juu yake, na wengi hufanya hivyo bila kujua. Au aweza kuiacha desturi ile ife mikononi mwake. Ba alichagua njia ya pili, na chombo alichotumia kilikuwa msumari wa moto.

Najua watakaosema kwamba kutenga vikombe ni usafi tu, hakuna dharau ndani yake. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na yafaa tuipime kwa haki. Mkono uliotwanga tangawizi yako ni wa nani? Uliokanda unga wa chapati yako ni wa nani? Uliomlisha mtoto wako uji, ukamfuta machozi, ukamlaza, ni wa nani? Ikiwa mkono huo ni safi kiasi cha kugusa chakula chote cha nyumba, mdomo wa mwenye mkono umechafuka wapi? Na ikiwa ni maradhi yanayoogopwa, maji ya moto na sabuni huosha kikombe cha kila mtu kwa namna moja. Ukweli ni kwamba kikombe kilichotengwa hakizuii ugonjwa wowote. Kazi yake ni kumkumbusha mtu, kila siku mara mbili, kwamba yeye ni wa chini. Hayo ndiyo mafundisho yake, na watoto wa nyumba huyasoma vizuri kuliko masomo yote ya shuleni.

Wala sitaki ukadhani kwamba kikombe kimoja kiliondoa tofauti zote. Jioni shangazi alitoka kwa lango dogo, akashika njia ya Kangemi kwa miguu, na Ba akabaki katika nyumba yenye vyumba vingi. Chai hailipi karo ya mtoto wala kodi ya chumba. Mwajiri anayetoa chai kwa mkono mmoja na kupunja mshahara kwa mkono mwingine hajamheshimu mtu, bali amemchezea. Ndiyo sababu sheria zinahitajika. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 189 kuhusu kazi yenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, ili nao wawe na saa za kazi, mapumziko na ujira unaojulikana. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 28, yasema kwamba kila mtu ana utu wa asili na ana haki utu wake uheshimiwe na kulindwa. Maneno hayo ni mazuri. Lakini sheria huishia langoni. Haina jicho la kuchungulia chini ya sinki. Huko chini ya sinki ni sisi wenyewe tunaotawala.

Wahenga walisema heshima si utumwa. Wengi wetu tulifundishwa methali hiyo ili tuwaheshimu wakubwa, na ni vema. Walakini heshima inayopanda juu tu, isishuke chini kamwe, ni heshima nusu. Kumheshimu mwenye cheo hakuhitaji wema, maana woga peke yake unatosha. Heshima unayompa mtu asiyeweza kukufanyia lolote ndiyo inayotoa habari zako. Kama ungependa kumjua mtu kwa kweli, usisikilize anavyozungumza na mkuu wa shule. Tazama anavyopokea kikombe kutoka kwa aliyekipika.

Mimi ni mwalimu, na kila siku ya kazi hunywa chai ya saa nne pamoja na walimu wenzangu. Chai hiyo hupikwa katika sufuria kubwa na mtu aliyeamka kabla ya jogoo, akawasha moto, akanusa moshi, akabeba maji. Katika shule yako pia yuko. Je, wamjua jina lake? Wajua anakotoka, ana watoto wangapi, na yeye hunywa chai saa ngapi, katika chombo gani? Nimewauliza wanafunzi wangu maswali hayo darasani, na mara nyingi hufuata kimya. Kisha baadhi yao huenda kuuliza, na hurudi na habari nyingi kuliko nilizotazamia. Mwanafunzi anayejua tarehe za wafalme wa Ulaya na asijue jina la anayemlisha, elimu yake ina shimo katikati.

Huenda siku moja utakuwa na nyumba yako, labda katika mtaa wenye miti mikubwa na malango ya chuma. Huo si uovu. Fanya kazi kwa bidii uipate kwa haki. Huenda pia ikawa ni wewe utakayeingia kwa lango dogo asubuhi, na hilo nalo si aibu, maana kazi ya halali ni kazi. Katika hali zote mbili kumbuka kwamba chai ya viungo haikubali kutengana. Tangawizi peke yake huwasha, karafuu peke yake ni chungu, jani peke yake hukausha ulimi, na maziwa peke yake hayana habari. Yakichemka pamoja hakuna kiungo kiwezacho kusema, mimi ndimi chai. Itakuwa ajabu kubwa basi vitu hivyo vyote vipatane ndani ya sufuria, halafu watu wawili washindwe kupatana juu ya vikombe.

Kwa hiyo, utakapokwenda likizo, fungua makabati ya nyumbani kwenu uhesabu vikombe, uone kila kimoja kinakaa wapi na ni cha nani. Ukikuta kimoja kimefichwa mahali pa sabuni na matambara, usipige kelele wala usimwaibishe mzazi wako. Kitoboe tundu, ukijaze udongo, upande nanaa ndani yake. Kisha injika sufuria wewe mwenyewe, uteremshe vikombe vilivyo sawa, na umwombe aliyezoea kukupikia aketi.